Kibali cha kusoma Uganda hakilipiwi na raia wa Jumuiya, lakini kukikosa ni hasara

Kila mwanzo wa muhula, mabasi na matatu zinazofika Busia na Malaba huwa na abiria wa aina yake: vijana wenye masanduku ya bati, magodoro yaliyokunjwa na bahasha za vyeti. Ni wanafunzi wanaovuka kwenda kusoma mashariki mwa Uganda, hasa Jinja na Mbale. Si wachache kati yao wenye mzazi au mlezi anayeishi kwa biashara hii yetu ya mpakani: muuza nafaka, mwenye duka la vipuri, dereva wa trela, wakala wa forodha.

Jambo la kushangaza ni kwamba mzazi huyo huyo, ambaye hawezi kuvusha gunia 50 za mahindi bila kukagua kila karatasi, humvusha mwanawe kwa miaka mitatu kwa kitambulisho na barua ya chuo tu. Akiulizwa kibali cha mwanafunzi kiko wapi, hujibu kwamba siku hizi ni Afrika Mashariki, mambo ni bure.

Ni kweli kwamba ni bure. Lakini wafanyabiashara wanajua tofauti kati ya kitu kisicholipiwa na kitu kisichohitaji karatasi. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha, lakini bila cheti cha asili ya bidhaa afisa wa forodha ataihesabu kuwa imetoka nje. Hata mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, anayetumia utaratibu uliorahisishwa, bado hujaza cheti chake pale mpakani. Kibali cha mwanafunzi ni mfano wa cheti hicho. Hakilipiwi na raia wa Jumuiya, lakini ndicho kinachothibitisha kwamba aliyevuka alivuka kusoma, na kwamba alisoma kihalali.

Makala haya yanaeleza utaratibu huo tangu kuchagua chuo hadi kurudi nyumbani na cheti.

KWA NINI JINJA NA MBALE

Safari ya Wakenya kwenda kusoma Uganda haikuanza jana. Kenya ilipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, kidato cha 5 na cha 6 viliondolewa, na mtihani wa mwisho wa ngazi hiyo ulifanyika mwaka 1989. Uganda ilibaki na mfumo wake wa miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari ya chini na 2 ya sekondari ya juu. Mkenya aliyetaka njia nyingine ya kufika chuo kikuu aliiona Uganda kuwa mlango wa karibu.

Aidha, vyuo viliongezeka upande wa mashariki. Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda, kinachojulikana kwa kifupi IUIU, kilifunguliwa Mbale mwaka 1988 chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, OIC, na tangu mwanzo kilikusudiwa kupokea wanafunzi wa nchi nyingi. Chuo Kikuu cha Busitema, ambacho ni cha serikali, kilianzishwa mwaka 2007. Makao yake yako wilaya ya Busia, na kitivo chake cha sayansi za afya kiko Mbale. Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere, yaani MUBS, ina matawi Jinja na Mbale. Jinja pia kuna taasisi ya serikali ya mafunzo ya hoteli na utalii, pamoja na sekondari za zamani kama Busoga College Mwiri.

Kwa mtu wa Bungoma, Busia au Kakamega, miji hii iko karibu kuliko Nairobi. Anayevuka Malaba hupita Tororo akafika Mbale kwa mwendo usiofika hata kilomita 100. Anayevuka Busia hupita Bugiri na Iganga mpaka Jinja. Wa Mlima Elgon hutumia Lwakhakha. Hizi ni barabara ambazo msomaji wetu anazijua kwa mashimo yake na vituo vyake vya mizani.

HATUA YA KWANZA: KAGUA CHUO KABLA YA KUKAGUA KARO

Hakuna kibali kitakachomsaidia mwanafunzi aliyejiunga na chuo kisicho na idhini. Nchini Uganda, vyuo vya elimu ya juu husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Chuo kikuu cha binafsi hupita ngazi tatu: barua ya idhini ya awali, leseni ya muda, kisha hati kamili. Chuo chenye barua ya awali tu bado kiko kwenye maandalizi na hakijaruhusiwa kufundisha.

Wasafirishaji wa njia ya Jinja wanaukumbuka mfano wa Iganga. Mwaka 2017 Baraza lilifuta leseni ya Chuo Kikuu cha Busoga, kilichokuwa na makao katika mji huo. Miongoni mwa masuala yaliyoibuliwa ni utata wa shahada walizopewa wanafunzi wa Sudan Kusini. Wanafunzi waliokuwa madarasani walijikuta wakitafuta chuo kingine, na waliokwisha kuhitimu walikabiliwa na maswali kuhusu vyeti vyao. Wageni huumia zaidi katika hali kama hiyo, kwa sababu hawako karibu kufuatilia na mara nyingi wamekwisha kulipa karo ya mbele.

Kuwa na leseni peke yake hakutoshi. Kila kozi nayo lazima iwe imeidhinishwa na Baraza, na idhini hiyo hupitiwa upya baada ya muda. Mei 2023 kulikuwa na malalamiko makubwa nchini Uganda baada ya kozi nyingi kuonekana kwenye tovuti ya Baraza zikiwa zimeandikwa kwamba muda wake umeisha. Baraza lilifafanua kwamba kozi zilizo kwenye mapitio hazimaanishi kuwa vyeti vya waliohitimu ni batili. Hata hivyo, somo kwa mzazi ni moja: ingia kwenye tovuti ya NCHE, tafuta jina la chuo, kisha tafuta jina la kozi kama lilivyoandikwa kwenye barua ya udahili. Kama jina halilingani, uliza kabla ya kulipa.

Angalia pia tawi. Chuo kinaweza kuwa na hati kamili makao makuu, na hapo hapo kukawa na mtu amekodi vyumba viwili ghorofani anajiita tawi lake. Piga simu makao makuu, si namba iliyo kwenye bango.

HATUA YA PILI: VYETI VYA NYUMBANI VILINGANISHWE

Uganda haichukui cheti cha nchi nyingine kikiwa vile vile. Vyeti vya sekondari hulinganishwa na Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda, UNEB. Stashahada na shahada hulinganishwa na NCHE. Mwanafunzi hupeleka cheti halisi na nakala, hulipa ada, kisha hupewa barua inayoeleza cheti chake ni sawa na ngazi gani ya Uganda.

Hapa ndipo wenye KCSE hukwama. Mfumo wa Uganda una miaka miwili ya kidato cha 5 na cha 6 ambayo mwenye KCSE hakuipitia. Kwa kawaida Mganda hujiunga na shahada akiwa na ufaulu mkuu wa masomo mawili ya kidato cha 6, au stashahada, au kwa mtihani wa watu wazima. Ndiyo maana Mkenya huweza kuambiwa aanze na kidato cha 5, au stashahada, au kozi ya mwaka mmoja ya kuziba pengo, yaani Cheti cha Elimu ya Juu. Kozi hiyo nayo lazima iwe imeidhinishwa. Wakala anayemwambia mzazi kwamba mtoto ataingia moja kwa moja mwaka wa kwanza na mambo ya vyeti yatashughulikiwa baadaye anauza matatizo.

Hakikisha majina yanalingana. Kama cheti cha mtihani kina majina mawili na pasipoti ina matatu, au herufi moja imekosewa, rekebisha nyumbani kwanza. Kosa dogo la jina ambalo lingemalizwa kwa kiapo mjini Bungoma hugeuka safari tatu za kurudi likigunduliwa Mbale.

HATUA YA TATU: KARATASI ZA KUVUKA

Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kanuni zake za uhuru wa watu kusafiri zinamtaja mwanafunzi peke yake, mbali na mgeni wa kawaida. Kwa kanuni hizo, raia wa nchi mwanachama aliyekubaliwa kwenye taasisi ya nchi nyingine hupewa kibali cha mwanafunzi bila kulipa ada, na hukihuisha kadiri masomo yanavyoendelea.

Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Utaratibu huo umerahisisha sana biashara. Lakini kwa mwanafunzi, kitambulisho ni cha kuvukia tu. Maombi ya kibali hufanywa kwa pasipoti, na kijana wa Kenya aliye chini ya miaka 18 hana kitambulisho cha taifa kabisa. Kwa hiyo mkatie pasipoti mapema. Kwa mtoto mdogo, beba pia cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi na barua ya ridhaa kama anasafiri na mtu mwingine. Usisahau kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano.

Busia na Malaba ni vituo vya huduma za pamoja. Anayeingia Uganda hukaguliwa upande wa Uganda, ambako maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja. Cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018. Mwanafunzi afike dirishani mwenyewe, aeleze kwamba anakwenda kusoma, aonyeshe barua ya udahili na kuhakikisha pasipoti imegongwa muhuri. Akitumia njia ya panya kwa kukwepa foleni ya dakika 20, atakuwa ameanza masomo bila ushahidi wowote kwamba aliingia nchini kihalali, na ombi lake la kibali litaanza na swali gumu.

Jambo jingine la kuangalia ni siku alizopewa. Mgeni kutoka nchi za Jumuiya anaweza kupewa hadi miezi 6. Wazazi wengi hufanya hesabu kwamba muhula ni miezi 4, kwa hiyo muhuri huo unatosha, na mtoto akirudi likizo atagongewa mwingine. Hiyo ni hesabu mbaya. Muhuri wa mgeni ni wa kutembelea. Ukimuuliza afisa, atakwambia kwamba anayesoma kwa muhuri wa matembezi ni sawa na anayeuza mzigo uliotangazwa kuwa unapita tu kwenda nchi nyingine.

HATUA YA NNE: OMBI LENYEWE

Kibali hutolewa na Kurugenzi ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uganda. Sheria yake ya msingi ni ya mwaka 1999. Maombi hufanywa kwa njia ya intaneti kupitia tovuti rasmi ya viza na vibali ya kurugenzi hiyo, inayoishia na herufi za serikali ya Uganda, go.ug. Tovuti nyingine yoyote inayoomba malipo kwa jina la uhamiaji si ya serikali.

Mwanafunzi huchagua kibali cha mwanafunzi, hujaza taarifa zake na kupakia nakala. Kabla ya kukaa kwenye kompyuta, awe na vitu hivi:

- ukurasa wa pasipoti wenye picha, na ukurasa wenye muhuri wa kuingia;
- picha ndogo ya hivi karibuni;
- barua ya udahili yenye jina la kozi na muda wake;
- barua ya chuo au shule inayomwombea kibali kwa kurugenzi;
- vyeti vya masomo, pamoja na barua ya kulinganisha pale inapohitajika;
- stakabadhi ya karo au ushahidi wa anayemlipia.

Orodha hubadilika mara kwa mara, hivyo isome upya kwenye tovuti siku ya kuomba. Vyuo vyenye wanafunzi wengi wa nje huwa na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa inayokusanya maombi yao. Tumia ofisi hiyo, lakini usiiachie kila kitu. Mwanafunzi abaki na namba ya maombi na nakala ya kila karatasi, na afuatilie mwenyewe. Anayekwama aende ofisi ya uhamiaji iliyo karibu na chuo badala ya kukimbilia Kampala au kumpa mtu asiyemjua pasipoti.

Wasio raia wa nchi za Jumuiya hulipa ada kwa dola. Kwa raia wa nchi zilizojiunga karibuni, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliyojiunga mwaka 2022 na Somalia iliyokamilisha uanachama mwaka 2024, ni vyema kuthibitisha na kurugenzi kabla ya kulipa au kukataa kulipa. Kwa Mkenya, Mtanzania, Mnyarwanda au Mrundi, mtu yeyote anayedai ada ya kibali cha mwanafunzi aonyeshe imeandikwa wapi. Malipo ya serikali hutoa namba ya malipo na stakabadhi. Malipo ya kichochoroni hayatoi kitu.

Kibali kikitoka, soma tarehe ya mwisho na uiandike mahali. Kihuishwe kabla hakijaisha. Mwanafunzi akihama chuo au kubadili kozi, ataarifu, kwa sababu kibali kimefungwa na masomo aliyoombea. Na kisichukuliwe kuwa kibali cha kazi. Mafunzo ya vitendo yaliyo sehemu ya kozi hupangwa na chuo chenyewe, lakini kijana anayefungua kibanda cha simu Jinja au kuajiriwa duka la jumla Mbale anahitaji idhini nyingine.

HESABU YA MFANYABIASHARA

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kozi ya miaka 3 ina mihula 6. Karo ni shilingi milioni 1.5 za Uganda kwa muhula, na chumba, chakula na nauli ni milioni 1 nyingine. Jumla ni milioni 2.5 kwa muhula na milioni 15 kwa kozi nzima. Ukikadiria shilingi 28 za Uganda kwa shilingi 1 ya Kenya, ni kama shilingi 536,000 za Kenya.

Mwanafunzi akikosa muhula mmoja kwa sababu ya kibali kilichoisha au cheti kisicholinganishwa, mzazi hupoteza takriban shilingi 89,000 za Kenya, bila kuhesabu miezi ya kijana kukaa nyumbani. Akifika mwisho na shahada ikakataliwa, anapoteza mtaji wote. Upande wa pili wa mizani kuna kibali kisicho na ada, ada ya kulinganisha vyeti, na siku chache za kufuatilia. Hakuna bima ya mzigo yenye bei nafuu kama hiyo.

Kuna akiba nyingine ambayo wafanyabiashara wa mpakani wanaweza kuipata kuliko wazazi wa kawaida. Mtu anayeuza bidhaa Mbale hupokea shilingi za Uganda. Tuseme ana milioni 2.5, akazibadilisha kwa 28.5 ili apate pesa za Kenya, halafu baada ya wiki mbili akanunua tena shilingi za Uganda kwa 27.5 ili alipe karo. Atapata kama milioni 2.41. Amepoteza takriban shilingi 88,000 za Uganda kwa kuzungusha pesa tu, na kwa mihula 6 ni zaidi ya nusu milioni. Ni afadhali alipe karo moja kwa moja kutoka mauzo ya Uganda, kwa benki, kwa jina na namba ya mwanafunzi.

Stakabadhi hizo za benki zihifadhiwe zote. Ndizo zitakazotumika kuhuisha kibali, na ndizo zitakazoonyesha miaka ijayo kwamba kijana alisoma kweli. Karo isipelekwe kwa simu ya wakala wala ya mwalimu.

JE, CHETI KITATAMBULIWA NYUMBANI?

Viongozi wa Jumuiya walitangaza tarehe 20 Mei 2017, Dar es Salaam, kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, ndilo linaloratibu ulinganifu wa kozi. Tangazo hilo ni hatua kubwa, lakini halijaondoa mamlaka ya kila nchi kutambua au kukataa cheti.

Kwa Kenya, vyeti vya nje huangaliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, na Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, KNQA. Mbali na hao, kuna bodi za taaluma. Anayesomea uuguzi, udaktari, uhandisi au sheria aulize bodi husika ya Kenya kabla hajaanza, kwani bodi huangalia chuo, kozi na hata alama za sekondari. Mahakama za Kenya zimesikiliza kesi za watu waliopata shahada za sheria kwa kupitia njia ya Uganda, kisha wakakataliwa Chuo cha Sheria cha Kenya kwa sababu ya alama zao za KCSE. Walikuwa wamemaliza miaka yote ya masomo ndipo swali likaulizwa.

Mtanzania ana hatua ya ziada. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma chuo kikuu nje ya nchi. Kikatwe kabla ya kuondoka, kwa sababu ndicho kinachorahisisha utambuzi wa shahada baadaye. Akumbuke pia kwamba Tanzania haimo kwenye mpango wa kuvuka kwa vitambulisho, hivyo anayeingilia Mutukula awe na pasipoti au hati ya dharura ya safari.

Kwa Mganda anayekwenda upande wa pili, kwa mfano Eldoret au Kisumu, mantiki ni ile ile. Kenya nayo ina kibali chake cha mwanafunzi chini ya sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011, na maombi hufanywa kwa intaneti.

NENO KWA WASAFIRISHAJI

Dereva wa trela hupenda kumsaidia mtoto wa jirani kwa lifti mpaka Jinja. Nia ni njema, lakini gari la mizigo ya kupita si gari la abiria, na abiria aliyefichwa kitandani nyuma ya kiti ni matatizo kwa dereva, mwenye gari na mwenye mzigo. Akiwa ni mtoto asiye na karatasi, jambo linakuwa zito zaidi. Uganda ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu ya mwaka 2009 na Kenya ya mwaka 2010. Afisa anayemkuta mtoto wa miaka 15 asiye na mzazi wala barua hawezi kujua kwa kumtazama tu kwamba anapelekwa shule.

Wenye mabasi na matatu wanaobeba wanafunzi kwa makundi watengeneze orodha ya majina, shule na namba za simu za wazazi, na washushe abiria wote wapite dirishani. Masanduku na magodoro ni vifaa binafsi na hayana shida, mradi hakuna aliyechomeka bidhaa za kuuza kati ya blanketi za mtoto. Mzigo wa magendo ukikamatwa kwenye sanduku la mwanafunzi, jina litakaloandikwa ni la mwanafunzi.

KWA UFUPI

Mzazi ambaye mtoto wake tayari yuko Jinja au Mbale anaweza kufanya ukaguzi leo bila kusafiri. Ampigie simu mwanawe, amwombe apige picha kurasa nne na kuzituma: ukurasa wa muhuri wa mwisho wa kuingia, kibali cha mwanafunzi chenye tarehe ya mwisho, barua ya kulinganisha vyeti, na stakabadhi ya karo ya muhula huu. Kisha afungue tovuti ya NCHE na kutafuta chuo na kozi.

Kama vyote vitano vipo, mtoto anasoma kwa amani. Kama kimoja hakipo, aanze nacho wiki hii, wakati muhula bado mchanga na mwanafunzi bado yuko darasani. Kosa la kibali lililogunduliwa mapema humalizwa kwa barua ya chuo na maelezo kwa afisa uhamiaji. Likisubiri mpaka wiki ya mitihani, au mpaka siku ya kuomba kazi nyumbani, gharama yake haitakuwa tena ya karatasi.